Kabla Hujabonyeza, Umesalimia?

Muhula uliopita kundi letu lilipewa kazi kwenye kozi ya zana za kufundishia. Maelekezo yalikuwa mafupi: chagueni jamii moja ya mbali, tafuteni picha za maisha yake ya kila siku, tengenezeni somo la dakika 20 kwa kidato cha pili. Sisi tukachagua Wamaya. Wawili wakachukua chakula, wawili mavazi, mmoja sherehe, na mimi nikapewa picha zote kwa sababu nimo kwenye klabu ya picha na simu yangu ndiyo yenye kamera nzuri. Hoja dhaifu, lakini ndivyo kazi za makundi zinavyogawanywa hapa chuoni, mnajua wenyewe.

Siku ya kuwasilisha nikasimama mbele, nikarusha ukutani picha ya kwanza: wanawake wameketi chini sokoni, nyanya zimepangwa mafungu mafungu kama za sokoni kwetu, blauzi zao zimejaa rangi. Kabla sijafungua mdomo, mshikaji mmoja wa nyuma akauliza, "Kwani hao bado wapo?" Darasa likacheka. Yeye hakuwa anatania. Wamaya anaowajua ni wale wa piramidi na wa kalenda iliyosemwa mwaka 2012 kwamba dunia inaisha.

Nikarusha ya pili. Mwanamke anapigapiga donge la unga wa mahindi kati ya viganja, moshi unampita usoni, macho ameyafumba nusu, mtoto yuko mgongoni. Dada mmoja wa mstari wa mbele akasema kwa sauti ya huruma kabisa, "Maskini."

Tulipata alama nzuri, nisilalamike. Ila maneno hayo mawili, "bado wapo?" na "maskini", yalinifuata mpaka hosteli. Yalisemwa na watu wawili tofauti, lakini naona yamezaliwa na mama mmoja, yaani namna tunavyopiga na kutazama picha za watu mtaani. Mimi mwenyewe nina kesi ya kujibu kwenye hilo, na nitaifikia. Tuanze na Wamaya.

Wapo, na ni wengi

Sensa ya Guatemala ya mwaka 2018 ilihesabu watu karibu milioni 14.9. Kati yao asilimia 41.7 walijitaja kuwa Wamaya, yaani zaidi ya milioni 6. Hapo bado hujahesabu Wamaya wa Meksiko, kwenye majimbo ya Chiapas na rasi ya Yucatán, wala walioko Belize, wala waliohamia Marekani kutafuta kazi. Guatemala peke yake inatambua lugha 22 za Kimaya. Mtu wa Kikʼicheʼ na mtu wa Kimam wakikutana kila mmoja akabaki na lugha yake, hawaelewani, kama ambavyo Mhaya hamwelewi Mmakonde. Kwa hiyo hata hilo neno "Wamaya" ni mwavuli. Chini yake kuna Wakʼicheʼ, Waqʼeqchiʼ, Wakaqchikel, Wamam, Waixil, Watzotzil na wengine wengi, kila watu na mji wao, siku yao ya soko na mtakatifu wao wa kusherehekea.

Kwenye picha haya yote yanaonekana, kama utajua pa kuangalia. Ile blauzi ya rangi, ambayo kwa Kihispania huitwa wipili, si "nguo ya asili" tu. Kwa desturi kila mji una michoro yake, na mwanamke wa huko akimwona mwenzake sokoni anaweza kukisia katoka mji gani kabla hajamsikia akizungumza. Kitambaa hufumwa kwa mtambo usio na fremu: ncha moja hufungwa kwenye mti au nguzo, ncha nyingine hufungwa kiunoni mwa mfumaji, na yeye akiegemea nyuma ndipo nyuzi hukaza. Wipili moja nzuri huchukua miezi. Sisi tuliozoea kusoma jina la kanga kabla ya kuinunua tunapaswa kuelewa haraka kwamba nguo inaweza kusema kitu.

Mwaka 2016 wafumaji wa Kimaya, wakiongozwa na chama cha wanawake kiitwacho AFEDES kutoka Sacatepéquez, walikwenda Mahakama ya Katiba ya Guatemala. Walidai nchi iwe na sheria ya kulinda michoro yao, kwa sababu makampuni yanainakili kwa mashine na kuiuza bila jamii yenyewe kuona hata senti. Na kulikuwa na jambo lingine nyuma ya madai hayo, ambalo mimi naliona kubwa kuliko fedha. Sura ya mwanamke wa Kimaya aliyevaa wipili imejaa kwenye matangazo ya utalii ya nchi hiyo, ilhali mwanamke huyohuyo akiingia ofisini au dukani na nguo ileile hudharauliwa. Yaani picha yake inapokelewa vizuri kuliko yeye.

Hiyo ikae kichwani wakati tunaendelea.

Moshi una habari yake

Turudi kwa yule mama aliyeitwa maskini. Nilipokuwa natayarisha somo nilisoma kuhusu anachokifanya, na nikaona aibu kwa nilivyokuwa nimeizoea ile picha.

Donge lile halitokani na unga wa dukani. Jioni mahindi makavu huchemshwa pamoja na chokaa, halafu huachwa humo usiku kucha. Asubuhi huoshwa, ganda la nje linatoka, punje zinakuwa laini. Kazi hiyo huitwa nishtamali. Zamani punje zilisagwa juu ya jiwe, mama amepiga magoti. Siku hizi sehemu nyingi kuna mashine ya kusaga, na alfajiri utakuta foleni ya wanawake na wasichana, kila mmoja na ndoo au beseni lake kichwani. Kutoka hapo donge linakwenda nyumbani, linapigwapigwa kwa viganja mpaka linakuwa duara, linaokwa juu ya kikaango bapa bila mafuta. Ndiyo tortila. Inaliwa asubuhi, mchana na jioni, pamoja na maharage, pilipili, mayai, na nyama ikipatikana.

Sasa, ile chokaa si ya kulainisha tu. Vitamini B3 iliyomo kwenye mahindi imefungika, mwili hauipati kirahisi, na chokaa ndiyo inayoifungua. Mahindi yalianza kulimwa kusini mwa Meksiko kama miaka 9,000 iliyopita, na watu wa eneo lile waligundua njia hii karne nyingi kabla hakujawa na neno vitamini. Wazungu walipoyachukua mahindi kuyapeleka kwao, waliacha ujuzi wa jikoni nyuma. Matokeo yake, kwenye maeneo ambako maskini walikula mahindi karibu peke yake, kama kaskazini mwa Italia, na baadaye kusini mwa Marekani, ugonjwa wa pelagra uliwaua watu wengi. Walichukua punje, hawakumuuliza mama wa jikoni anaipikaje.

Na mahindi hayohayo ndiyo yaliyofika kwetu baada ya safari zile za kuvuka Atlantiki. Ugali tunaoula kantini, makande, uji wa asubuhi, mahindi ya kuchoma pale kituoni, vyote asili yake ni kule. Sisi ni wajukuu wa shamba lao kwa njia ya tumbo. Halafu mtu anasimama darasani, ameshiba ugali, anauliza kama bado wapo.

Kwenye Popol Vuh, kitabu cha masimulizi ya Wakʼicheʼ, miungu inajaribu kumuumba binadamu kwa udongo, anayeyuka. Wanajaribu kwa mti, anatembea na kuzungumza, lakini hana moyo wala kumbukumbu. Mwisho wanatumia mahindi ya njano na meupe, na huyo ndiye mtu. Kipande ninachokipenda ni kinachowapata wale watu wa mti: vyungu vyao, vikaango vyao na mawe yao ya kusagia vinawageukia na kuwashambulia, kwa sababu walivitumia kila siku bila kujali. Kama mpiga picha nikasoma hapo mara mbili. Nikajiuliza siku kamera yangu nayo itanigeukia lini. Kumbe ilishanigeukia.

Kwa nini wengine hugeuza uso

Ukitazama picha nyingi za mtaani kutoka nyanda za juu za Guatemala utaona kitu: watu wengi wamegeuza uso, wamejifunika kwa shali, au mkono umekuja mbele ya lenzi. Kuna wapiga picha wanaozipenda hizo, wanaziita za asili. Mimi naziona ni jibu. Mtu amesema hapana, na wewe umepiga picha ya hapana yake.

Chichicastenango ina soko kubwa kila Alhamisi na Jumapili. Ngazi za kanisa la Santo Tomás hujaa wauza maua na moshi wa ubani, na kila mgeni anataka picha hiyo. Ndani ya kanisa kupiga picha ni marufuku. Kule Chiapas, kwenye kanisa la San Juan Chamula, Watzotzil hutandaza majani ya msonobari sakafuni, huwasha mishumaa mingi na kuwaombea wagonjwa wao, na marufuku ya kamera ndani ni kali zaidi. Watu hao hawaogopi teknolojia. Wana simu kama mimi na wewe. Wanachokataa ni ibada yao kugeuzwa bidhaa.

Kuna sababu nzito zaidi. Guatemala ilikuwa na vita vya ndani kuanzia 1960 hadi 1996. Tume ya ukweli iliyosimamiwa na Umoja wa Mataifa, iliyotoa ripoti mwaka 1999, ilikadiria watu zaidi ya 200,000 waliuawa au kupotezwa, na kati ya waathirika waliotambuliwa asilimia 83 walikuwa Wamaya. Katika miaka ile mtu kujua jina lako na sura yako halikuwa jambo dogo. Na baada ya hapo, kwa familia nyingi picha ndogo ya kitambulisho ndiyo iliyobaki ya mtu aliyechukuliwa asirudi. Ndugu waliikuza, wakaibeba kifuani kwenye maandamano. Kwa hiyo usije ukadhani watu wale hawajui thamani ya picha. Wanaijua kutuzidi.

Aprili 2000, katika mji wa Wamam uitwao Todos Santos Cuchumatán, umati uliwaua mtalii kutoka Japani na dereva wa basi la watalii, baada ya uvumi kuenea kwamba wageni wanakuja kuiba watoto. Mauaji yale hayana utetezi, na siyatetei. Ila mpaka leo wageni wanaokwenda nyanda za juu huonywa wasiwapige picha watoto bila idhini ya wazazi. Nimeandika hili kwa sababu kwenye klabu yetu tunalizungumzia suala la ruhusa kama adabu ya ziada, kitu cha kufanya ukiwa na muda. Kwa watu waliopoteza watoto vitani, mgeni anayemwinamia mtoto na kifaa mkononi bila salamu ni jambo la kutisha.

Kesi yangu

Nilisema nitaifikia. Nyuma ya geti letu la pili kuna mama ntilie anayepika makande na chai. Wengi wenu mmekula kwake, hasa wiki zile bumu linapochelewa, maana anakopesha na hakai na daftari mbele za watu. Mwaka jana asubuhi moja ya mvua nilipita, kuni zimeloa, ameinama anapuliza moto. Moshi umemjaa, machozi yanatoka, kanga imeteleza begani. Mwanga ulikuwa mzuri kupita maelezo. Nikatoa simu, nikabonyeza mara tatu, nikaondoka. Sikumsalimia. Mimi, ambaye namsalimia kila siku nikiwa na njaa.

Nikaipa jina "Mapambano", nikaiweka kwenye ukurasa wa klabu. Ilipendwa kuliko picha yoyote niliyowahi kuweka. Siku mbili baadaye kuna mtu akaikata, akaifanya stika, akaandika chini yake "Nikisubiri bumu". Ikazunguka kwenye makundi yote ya simu. Nami nilicheka, nisiwadanganye. Niliituma hata kwa kaka yangu.

Wiki iliyofuata nilikwenda kula. Nikasema, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba, akanipakulia, halafu akasema polepole bila hasira, "Mwanangu, ile picha ni wewe umenipiga?" Sikuwa na pa kujificha. Akaniambia mtoto wake wa sekondari alionyeshwa na wenzake simu, wakamwambia mama yako analia. "Mimi sikuwa nalia," akasema. "Ule ni moshi. Siku ile ungenisemesha ningefunga kilemba changu, ningekaa vizuri. Sasa picha yangu imefika mbali, mimi niko hapahapa na makande yangu, na mwanangu anaona haya."

Niliomba radhi. Niliifuta picha, lakini stika haifutiki, ipo kwenye simu za watu nisiowajua.

Ndiyo maana darasani mwenzangu aliposema "maskini" kwa yule mama wa tortila, niliganda. Moshi ni ule ule. Macho yamefumbwa kwa sababu ile ile. Mama yule pengine alikuwa ameamka salama, mashine ya kusaga haikuwa na foleni, biashara inakwenda. Hatujui, kwa sababu aliyepiga hakuuliza, na maelezo ya chini yalikuwa na maneno mawili tu: "Mwanamke, Guatemala."

Waliposhika kamera wenyewe

Msidhani basi nimeamua picha za mtaani ni dhambi. Kilichonirudisha kwenye kamera ni Wamaya wenyewe.

Maruch Sántiz Gómez ni Mtzotzil wa Chamula, aliyezaliwa mwaka 1975. Alijifunza kupiga picha kupitia mradi ulioanzishwa Chiapas miaka ya 1990 wa kuwapa kamera wenyeji. Hakukimbilia sokoni kutafuta sura zenye makunyanzi. Alipiga vitu vya nyumbani, kimoja kimoja, na kila kimoja akakiambatanisha na imani aliyoisikia kwa wazee. Kimojawapo kinahusu kufagia nyumba jioni, kwamba unafukuza bahati. Nilipoliona hilo nilicheka peke yangu maktaba. Bibi yangu alikuwa akinipokonya ufagio jua likizama, anasema nitafagia riziki. Hakuna picha ya mwanamke kwenye moshi iliyowahi kunifanya nimwone Mtzotzil kama ndugu wa bibi yangu. Ufagio umeweza. Kitabu chake kilitoka mwaka 1998.

Kwenye mji wa Chajul, Guatemala, wanawake 20 Waixil walijifunza kutumia kamera baada ya vita. Eneo la Waixil liliumizwa sana. Wanawake hao walikwenda kwa majirani na vijijini, wakapiga picha, wakakaa na watu kusikiliza habari zao, kisha wakajadiliana pamoja picha ipi ibaki na iandikiwe nini. Mwaka 2000 wakatoa kitabu chenye picha na maneno yao. Zingatieni mpangilio huo: picha, maongezi, halafu maamuzi ya pamoja. Sisi tunaishia kwenye picha.

Hata mgeni anaweza. Hans Namuth, mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi Marekani, alifika Todos Santos mwaka 1947 akawapiga watu picha, kisha akarudi mwaka 1978, na kitabu chake kuhusu watu wa mji huo kikatoka 1989. Wengi wamesimama wima mbele ya lenzi, nguo zao safi, wanakutazama moja kwa moja. Huwezi kuwaambia maskini watu wanaokutazama hivyo.

"Ukiomba, picha inakufa"

Najua majibu yatakayokuja, maana nimeyasikia kwenye vikao vya klabu.

La kwanza: ukiomba ruhusa, tukio linapotea, mtu anajipanga, picha inakuwa ya studio. Kuna ukweli hapo, na sitaki kuuruka. Picha ya mama wetu anapuliza moto, nikiiomba, isingekuwa ile. Lakini salamu si lazima itangulie sekunde ile. Unaweza kula kwake wiki nzima, akazoea kamera yako, ukamwambia utakuwa unapiga, ukabonyeza wakati amekusahau, halafu ukamwonyesha kabla hujaiweka popote. Kinachochukua muda ni uhusiano. Mwanga utakuja tena, kila mvua inaponyesha kuni zinaloa.

La pili: hadharani ni hadharani, anayekaa barabarani amekubali kuonekana. Mama wa makande yuko barabarani kwa sababu hana fremu ya duka. Ukisema hivyo unasema kwamba anayelipa kodi ya chumba ana haki ya sura yake, na asiye nacho hana. Mbona hatuwapigi wakuu wa vitivo wakiwa wanakula ofisini kwao?

La tatu ndilo linalonisumbua: tukiogopa sana, tutaacha kabisa, na maisha ya watu wa kawaida hayatarekodiwa, yatabaki ya harusi na mahafali tu. Hili nalikubali. Bila picha za mtaani, yule mshikaji wa nyuma angeendelea kuamini Wamaya waliisha pamoja na piramidi zao. Hata kosa langu halikuwa kuipiga picha. Nilimchukua mama wa watu kama mandhari.

Na sisi wa ualimu tuna mzigo wa ziada. Miaka miwili ijayo tutakuwa mbele ya watoto 60 au zaidi, na picha tutakayoibandika ubaoni ndiyo itakayokuwa Guatemala yao, ndiyo itakayokuwa Umasai yao, ndiyo itakayokuwa Umakonde yao. Mtoto hana namna ya kuhakiki. Tukiwapa moshi bila maelezo, watasema maskini, na watakuwa wametufuata sisi.

Ninachoomba

Wiki ya utamaduni inakuja, na klabu itafanya maonyesho ukumbini chini ya serikali ya wanafunzi. Naomba kamati ikubali mambo manne, hayagharimu kitu kikubwa.

Kwanza, kila picha ya mtu anayetambulika iambatane na idhini yake, hata ya mdomo, na mpiga picha aseme aliipataje. Kwa mtoto, idhini ya mzazi au mlezi. Pili, maelezo ya chini yataje kazi anayoifanya mtu, na jina kama amependa litajwe. "Mwanamke, geti la pili" si maelezo. Tatu, kila aliyepigwa apewe nakala iliyochapishwa. Stesheni yetu inachapisha kwa bei ya chai na chapati mbili, jamani, tusijitetee. Nne, ukuta mmoja uachwe kwa wapishi, walinzi, wafagiaji na bodaboda wa chuo hiki, wapige wenyewe kwa simu zao wanachotaka tukione. Nina hamu kujua wanatuonaje.

Mimi nimeshaanza. Mwezi uliopita mama aliniambia nimpige tena, Jumamosi, akiwa amejiandaa. Nilimkuta amefunga kilemba cha njano, sufuria limefunikuliwa, sahani zimepangwa, na kibao cha bei kimeletwa mbele kabisa. Akanielekeza nisimame wapi. "Bei ionekane," akasema. Kama picha ni ya kawaida tu, mwanga ulikuwa wa saa saba, kivuli kimemkata shingoni. Nilimchapishia mbili. Moja kampelekea mtoto wake shuleni, nyingine ameibandika kwenye nguzo ya kibanda. Hiyo ndiyo nitakayoipeleka kwenye maonyesho, kwa idhini yake.

Kibanda kipo palepale, nyuma ya geti la pili. Makande buku, ukiongezewa parachichi buku jero. Ukifika na kamera, anza na shikamoo.